Samadi ya Kusafishia Maji ya Karakana

Nilipokuwa karani wa karakana kwenye shamba la ngano la serikali, huku Hanang, kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika barua ambazo hazikujibiwa. Maji ya kuoshea matrekta na kombaini yalitiririka meusi, yakinuka dizeli, hadi kwenye bwawa dogo bondeni. Zamani ng'ombe walikunywa pale. Ngano ilipoleta maendeleo, ng'ombe wakafundishwa kutembea.

Siku moja akaja mtaalamu. Alitueleza kwamba kuna bakteria wanaokula mafuta, na kwamba samadi mbichi ya ng'ombe ingetosha kuwaanzisha. Meneja alisikitika kuona hakuna mashine ya kuagiza ng'ambo. Mimi nilisikitikia jambo jingine: shamba zima, lenye kila aina ya trekta, halikuwa na ng'ombe hata mmoja. Tulikuwa tumewafukuza.

Nikatumwa kwa mama mmoja mfugaji ambaye boma lake tulilihamisha mara mbili kupisha ngano. Nilimpa shikamoo kwa unyenyekevu wote wa mtu anayeomba kinyesi. Alikubali kutoa samadi, ila kwa sharti kwamba maji yakisafika, ng'ombe wake wanywe pale wakati wa kiangazi. Maji mengine yalikuwa mwendo wa siku nzima, na ndama walikuwa wanamfia njiani. Nikamwahidi.

Ajabu, ilifanya kazi. Tulikoroga samadi bwawani kila asubuhi, na baada ya majuma kadhaa utando wa mafuta ukaanza kukatika. Nilipoona vyura wamerudi nilifurahi kuliko nilivyofurahia mshahara.

Kisha tukaambiwa wakubwa wanakuja kukagua. Meneja hakutaka waone bwawa lenye samadi na vijidudu, mambo ya kishamba kwenye shamba la kisasa, akaniamuru nimwage klorini. Nilijua itaua nini. Nilimwaga dumu baada ya dumu, kwa bidii ya mtumishi bora. Wageni walisifu usafi wetu, wakala mbuzi, wakaondoka. Bakteria walikuwa wamekufa wote, na mafuta yakatanda upya.

Kiangazi kilikuwa kimeanza nilipotumwa tena kwa yule mama kuomba samadi ya pili. Nilimweleza yote, hata klorini, isipokuwa mkono uliomwaga. Hakunigombeza. Alinijazia magunia mwenyewe, kisha akauliza, "Hao wageni wanarudi lini?"

Walikuwa wanarudi mwezi uliofuata. Barua ya kuwakaribisha niliipiga chapa mimi. Nikamwambia sijui.