Bwati Iliyokuwa Nzima

Fundi jirani yangu, hapa Mweso, akifungua nati huipangusa pajani kabla ya kuilaza juu ya jani la mgomba. Siku tatu, uani kwangu, alitoa bwati ya vitesi ya gari langu, giaboksi ya otomatiki iliyoshindwa na matope ya mlimani, akafunga ya mkono. Siku ya nne wanakwaya wa kanisani wakaja kuliombea gari. Baada ya amina wakaningoja niliendeshe. Mimi niliyezoea kujisifu kuwa shofa, sikuwahi kukanyaga ambreyaji, ile klachi ya mguu wa kushoto. Gari likaruka, likazimika. Fundi akainama dirishani, akautazama mguu wangu wa kushoto, kisha akapaza sauti: “Papa, shuka. Kosa iko yangu, sikufunga muzuri.” Nikashuka, nikamkaripia mbele ya wote. Akafungua nati ya kwanza ya bwati iliyokuwa nzima, akaipangusa pajani.