Saa ya Tata Iliyofia Mtoni

Harufu ya mafuta ya taa kwenye unyoya wa kuku hunirudisha Nyansurura, mwaka wa tatu tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa. Wajukuu hunicheka wakinikuta mezani na saa mbovu nilizozifumua. Bibi mzima, wanasema, anachezea vyuma. Hawajui nilianzia kwa saa gani.

Baba, au tata kama tulivyomwita kwa Kikurya, ndiye aliyegonga rimu ya gari kuwaita watu shamba la ujamaa na kuwaruhusu kurudi. Kijijini hakuna mwingine aliyekuwa na saa. Aliinua mkono, akaitazama, akangoja kidogo, ndipo akagonga, na hata mwenyekiti hakubisha. Sisi watoto kuigusa ilikuwa mwiko.

Basi Jumapili moja akaivua, akaenda kuoga. Nami, msichana wa miaka kumi mwenye mkono mwepesi, nikabandua mfuniko wa nyuma kwa ncha ya kisu. Nilipigwa na butwaa. Ndani kulikuwa na tope lililokauka, wala hakuna gurudumu lililosogea. Nikajua nimeiua. Nikaitumbukiza kwenye kisosi cha mafuta ya taa, nikaisugua kwa unyoya mpaka ikatakata, nikaitia ufunguo. Ikaanza kutembea. Nikairudisha mahali pake, najiona fundi.

Asubuhi yake watu walisimama na majembe yao wakingoja. Tata akainua mkono, akaganda. Akaiweka saa sikioni. Nondo ya kugongea ikamponyoka. Sijawahi kumwona mtu mzima akishtuka vile, na mimi nilishtuka kumzidi. Akanivuta kando.

"Nani amefungua hii?"

"Ni mimi, tata. Nilidhani nimeiua."

"Ilikufa siku tuliyohamishwa, tulipovuka mto," akasema polepole. "Watu wameacha nyumba, wameacha makaburi. Ningewaambiaje kwamba na saa nayo imekufa?"

Kumbe miaka yote alizungusha mishale mwenyewe, akifuata kivuli cha kihenge chetu. Hata asubuhi ile alikitazama kwanza, akaiweka saa sawa nacho, akaokota nondo akagonga.

Wakati ule nilifurahi tu kuepuka fimbo. Nilikuwa mama wa watoto wanne nilipowaza alivyosimama mbele ya watu kila siku, akiomba asitokee mtu wa kusema, hebu nisikilize inavyolia.

Saa hiyo ninayo. Huchelewa kidogo, na kuirekebisha naweza. Lakini kila asubuhi hutoka nje, nikatazama kivuli cha ukuta, ndipo nikazungusha mishale.