Watatu Tu Kisimani

Katika miaka ya tisini nilikuwa mpishi wa chuo kidogo cha ualimu kando ya mto Tana, upande wa Masalani. Niliacha shule darasa la sita wazazi wetu walipofariki. Mdogo wangu niliyemlea sasa alikuwa mwanafunzi wa chuo hichohicho, na alikuwa na mchumba. Ijumaa angekwenda na wazee wa jirani kuposa, na huko angeulizwa mababu zake. Kwetu unataja baba, babu, unaendelea mpaka kumi au zaidi. Mwenye asili ya utumwa hapewi binti.

Sisi tulikuwa na watatu tu. Wa tatu alinunuliwa, akaletwa kulima shamba ambalo baadaye lilikuwa uwanja wa chuo. Baba alitufundisha kwamba baada ya huyo wa tatu turukie mababu wa bwana wake, kana kwamba ni wetu.

Jumamosi kabla ya posa hiyo, mwalimu wa historia aliwatembeza wanafunzi polepole uwanjani waone kazi za watumwa: mfereji, ukuta, kisima. Mimi nilibeba birika la chai. Kisimani akasema waliokichimba hawakuandikwa popote, basi kila mmoja atutajie mababu zake hapo.

Wakashindana.

"Mnyamazisheni huyu, atafika kwa Adamu na chai imepoa," mmoja akasema, wakacheka.

Zamu ya mdogo wangu ilipofika, alinitazama. "Abaayo, dada yangu huyu, ndiye mkubwa wetu. Ataje yeye."

Kisima kile baba aliwahi kunionyesha. Nikaweka birika chini, nikataja watatu.

"Endelea," mwanafunzi mmoja akasema.

"Ni hao. Wa tatu alinunuliwa. Alichimba hapa."

Mwalimu akavua kofia. Hakuna aliyecheka. Wanafunzi wawili walitoka kijiji cha mchumba wa mdogo wangu.

Jioni mdogo wangu alikuja jikoni.

"Ningefika kumi na wawili," alisema. "Nawajua wote."

"Najua. Na uliponiachia zamu ulijua nitaishia wapi."

Alinisaidia kuosha sufuria.

Ijumaa aliwaambia wazee wa jirani wasisumbuke. Alikwenda peke yake, akataja watatu. Baba wa msichana alimsikiliza mpaka mwisho, akamkatalia kwa upole. Aliporudi nilimpakulia chakula, akala chote, kisha akaniuliza kama taa ina mafuta, kwa sababu Jumatatu alikuwa na mtihani.