Nilivyofungwa pingu moja na mahabusu mashuhuri mpaka kaburini kwa mama yake, Uriri

Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za saa hizi.

Wiki hii humu kuna uzi wa magereza yenye historia na wafungwa wao wakubwa. Wengine wametaja kile kisiwa cha Afrika Kusini, wengine Kapenguria, wengine Lokitaung. Nimesoma comments zote kimya kimya. Halafu jamaa mmoja akaandika kwamba huku kwetu South Nyanza hatukuwahi kuwa na mfungwa wa maana.

Hapo nikashindwa kuvumilia.

Nitakayoyasema ni kweli tupu, pamoja na sehemu inayoniumbua mimi mwenyewe. Majina ya watu siyataji, na jela siitaji pia. Ukiijua, baki nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa askari jela, kijana wa miaka ishirini na nne. Mimi ni Mkuria wa karibu na Isebania, lakini nilipangiwa kazi upande wa Homa Bay, kwenye jela ya zamani iliyoachwa na mkoloni. Kuta za mawe, mabati yaliyooza, harufu ya uji ulioungua asubuhi mpaka jioni. Askari wazee walikuwa wakituonyesha chumba cha mwisho kwa maringo. Hapa alilala mzee aliyekataa kulipa kodi ya nyumba. Hapa walipitishwa wapigania uhuru wawili. Utadhani wanakuonyesha shamba lao.

Enzi zetu, mfungwa mkubwa wa chumba kile alikuwa mwalimu mkuu mmoja wa Uriri. Watu wote walimwita Japuonj, yaani mwalimu kwa Kijaluo.

Alisimama sokoni akasema nchi inahitaji vyama vingi, na wenye nchi waendeshe nchi. Akashtakiwa kwa uchochezi. Picha yake ilitoka gazetini, na siku alipoletwa kwetu watu walijaa nje ya lango kama siku ya mnada. Hata sisi askari tulikuwa tunapeana zamu ya kumchungulia.

Nilitegemea kuona simba. Nikaona mtu mrefu, mwembamba, anayekohoa sana na kuwasomea mahabusu wenzake barua za kwao.

Kesi yake ilikuwa Migori. Kila baada ya wiki mbili tunampeleka kwenye mention, yaani kesi kutajwa tu, inaahirishwa, tunamrudisha.

Sasa hapa mnielewe utaratibu wa escort. Pingu ilikuwa moja. Mkono wake wa kulia, mkono wangu wa kushoto. Ufunguo huubebi wewe uliyefungwa naye, unabebwa na mwenzako, ili hata mahabusu akikuzidi nguvu asipate kitu mfukoni mwako. Na siku ya kwanza kazini tuliambiwa jambo moja ambalo hakuna askari alilisahau: mtu akikutoroka, unaingia ndani wewe.

Siku ninayoisimulia tulikuwa watatu kwenye Land Rover. Japuonj, mimi, na koplo mmoja mzee aliyekuwa dereva. Koplo ndiye mwenye ufunguo na bunduki. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, na alihesabu miezi hiyo kwa sauti kila siku.

Kortini Migori, kesi ikaahirishwa kama kawaida. Tukiwa kwenye korido dada yake Japuonj akatukaribia, macho mekundu.

"Mama bado amelala nyumbani," akamwambia kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Leo ni siku ya nne. Kaburi iko tayari tangu jana. Wazee wamekataa, wanasema udongo ya kwanza ni yako. Hakuna mtu atatupa kabla yako."

Nilijua habari hiyo. Familia iliomba ruhusa, na mkubwa wetu wa jela akakataa. Akasema mazishi yale yatakuwa mkutano wa siasa.

Japuonj akainua mkono ajifute uso, na wangu ukapanda nao.

Tulipofika Uriri, njia panda ya kuelekea kwao, barabara ilikuwa imefungwa kwa matawi. Watu mia mbili hivi. Wanawake wanalia, vijana wana panga za kukatia matawi mikononi. Koplo akasimamisha gari, akazima injini.

Japuonj akaniambia polepole, "Afande, nipe nusu saa. Nimzike mama yangu, tuende."

Nikamtazama koplo. Akatazama mbele.

"Mimi nabaki na gari," akasema. "Bunduki inabaki, ufunguo inabaki. Wewe ukitaka kwenda naye, enda. Lakini mimi sijakutuma."

Wakuu, msinifanye shujaa. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia. Nilimhurumia, ndiyo, lakini kilichonishusha kwenye gari ni zile panga. Niliogopa.

Tukapanda kijia, mimi na yeye, kama watoto walioshikana mikono. Umati ukatufunga nyuma. Kijaluo changu kilikuwa cha kununulia samaki tu, kwa hiyo kila walichosema nilikisikia kama kelele. Lakini neno Isebania nililisikia vizuri. Nikalisikia mara ya pili. Ni kwetu, bwana, najua kilichopo Isebania. Ni mpaka. Kutoka pale ni chini ya saa moja kwa gari, na ng'ambo ni Sirare, Tanzania.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haya hayakuwa mazishi peke yake.

Kwenye boma, kabla hatujafika kaburini, fundi baiskeli wa sokoni akaja na msumeno wa chuma. Hakunisalimu. Vijana wawili wakanishika mabega, yeye akashika mnyororo wa pingu akaanza kukata.

Nilisema, "Jamani, nitafungwa mimi."

Mmoja akanijibu, "Si utafungwa tu. Kwani jela si ni yenu?"

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nasikia chuma kinapata moto kwenye kifundo cha mkono, na unga wa chuma unaangukia kiatu changu. Nikamtazama Japuonj usoni. Hakuwazuia. Nilimwona anafikiria, na sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningefikiria.

Aliyesimamisha msumeno ni mama mdogo wake, dada wa marehemu, ajuza aliyetembea kwa fimbo. Akapaza sauti, na hata vijana wakaachilia. Dada yake Japuonj alinitafsiria: udongo kwanza, marehemu asingoje tena. Mtakata baadaye.

Jeneza likashushwa. Japuonj akainama achote udongo kwa mkono wa kulia. Mkono wa kulia ndio ule wa pingu.

Mkono wangu ukashuka nao. Sikuwa na namna. Vidole vyangu vikaingia kwenye udongo ule ule, na alipourusha nikaurusha pamoja naye.

Halafu zogo likazuka. Wazee wakaanza kubishana kwa hasira, wananionyesha vidole, na mimi nikajua sasa ndiyo mwisho wangu. Mgeni ameshika udongo wa kwanza. Udongo wa mtoto.

Walibishana kwa muda mrefu. Mwishowe yule ajuza akaja mbele yangu, akanishika kidevu kama ananikagua meno.

"Nyathiwa," akasema.

Hilo nililijua. Mtoto wetu.

Akageuka kwa Japuonj akaongea naye, maneno machache tu. Dada akaninong'oneza: "Anasema udongo haiwezi kurudishwa. Kama umetupa, wewe ni wa hii nyumba. Anamuuliza, utazika mama yako na utafungisha mtoto wake siku hiyo hiyo moja?"

Sheria hiyo sijawahi kuisikia tena popote, kabla wala baada. Nadhani aliitunga pale pale. Lakini hakuna aliyembishia.

Japuonj akatazama msumeno. Akatazama njia ya nyuma, ambako sasa niliona pikipiki mbili zinangoja. Kisha akamwambia fundi, "Omera, ndugu yangu, rudi na kifaa chako."

Tukashuka mpaka kwenye gari. Hakuna aliyetugusa. Mpaka tunapita Rongo alikuwa akikohoa.

Sasa sehemu yangu.

Mnyororo ulikuwa umekatwa karibu nusu. Langoni sajini akauona. Asubuhi yake nikaitwa ofisini kwa mkubwa. Koplo alikuwa ameshaandika kwamba alikuwa kwenye gari lililoharibika na hakuona lolote.

Mkubwa hakupiga kelele. Akasema, "Kuna mambo mawili hapa. Ama ulimsaidia atoroke, ama alijaribu kutoroka ukamzuia. Ya kwanza unakwenda chumba cha mwisho wewe. Ya pili nakupandisha cheo. Andika."

Akanipa kalamu.

Ningeweza kuandika la tatu, lililotokea. Nilifikiria kuliandika kwa muda kama wa kumaliza chai. Halafu nikaandika kwamba mahabusu aliomba kusimama ajisaidie, akanivamia, akakata pingu kwa kifaa alichokificha, nami nikamdhibiti. Nikatia sahihi.

Wakamfungulia kesi mpya ya kujaribu kutoroka. Nikasimama kizimbani Migori kama shahidi nikasoma statement yangu mpaka mwisho bila kukwama.

Hakimu akamuuliza, "Una swali lolote kwa shahidi?"

Akasema, "Sina."

Hakimu akamwonya kwamba bila kuuliza maswali ushahidi huo utabaki ulivyo. Akamuuliza tena.

Akasema, "Huyu simuulizi kitu."

Ile ya uchochezi ilikuja kufutwa baadaye, kelele za vyama vingi zilipoishinda serikali. Kwa hiyo wakuu, kilichomfunga mtu yule siyo siasa. Alifungwa miaka mitatu kwa maneno yangu. Mimi nikapata cheo.

Niliacha kazi zamani. Yeye yupo hai, ni mzee sana, bado yuko kule kule Uriri, na kifua kinamsumbua. Mwezi uliopita nilipanda bodaboda kutoka Migori nikaenda mpaka kwao. Nikamkuta nje, kwenye kiti, na mjukuu akamwambia kuna mgeni. Aliniangalia kidogo tu.

"Umechelewa," akasema. "Ingia ule."

Nikala ugali wake. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha na sikuweza, nililia tu, na yeye akanisogezea mboga.

Nilichojifunza: woga wa siku moja unaweza kukaa na mtu miaka thelathini. Kama kuna karatasi uliyotia sahihi ikamwangukia mwenzio, mtafute angali hai.

Na yule aliyesema hatujawahi kuwa na mfungwa wa maana huku kwetu, huyo ndiye wetu. Wewe ungeandika nini ungepewa ile kalamu? Semeni kweli, hata mkinitukana nitasoma.