Injini Isiyo ya Trekta Lile

"Wifi, toa mkono kwenye ufunguo!"

Mjane wa kaka yake fundi aliganda juu ya kiti cha trekta. Fundi, mwanamke aliyemaliza umri wake kwenye grisi, hakuwahi kuwasha injini kabla ya kuizungusha kwa mkono, na hii ilikuwa imegoma katikati ya mzunguko. Chuma kiligonga chuma. Pistoni mpya zilikuwa zinagusa valvu na zingeweza kuzipinda, na injini kuukuu kama ile ikivunjika hupati nyingine.

"Si ulizinunua kwa kufuata namba za kwenye kibao cha trekta?" wifi aliuliza.

"Cha trekta, ndiyo. Namba ya injini sikuitazama."

Roho mkononi, fundi akakwangua rangi ubavuni mwa injini kwa brashi ya waya. Namba ikatokea: toleo jingine kabisa.

"Kaka alibadilisha injini."

"Aliniapia ni ileile ya kiwandani!"

"Kaka huyuhuyu aliyekuwa hajui hata soksi zake ziko wapi?"

Wifi hakucheka. Alichomoa ufunguo, akashuka kushika spana. Walipoinua kichwa cha injini, fundi alipitisha kidole kwenye kila valvu, taratibu.

"Zimenyooka," alisema mwishowe. "Zote."