Shamba la Nzivo Lililofungwa Kamba

Nzivo alifanya kazi ya reli miaka yote ya nguvu zake, akakaa nyumba za reli pale Makongeni, na alipostaafu akagundua hana hata udongo wa kujaza kikombe. Shamba la baba yao huko Mwala ndugu zake waligawana yeye akiwa kazini, wakamwachia mwamba ambao hata mjusi haupiti bila kubeba maji. Basi akapanga chumba Kayole, ghorofa ya nne, yeye na binti yake Kavata. Mkewe alikuwa ameshatutoka.

Nyuma ya zile fleti kuna kwari, shimo la zamani la kuchimba mawe, lililojaa maji likaota matete na mafunjo. Mimi nakaa ng'ambo yake na mabata wangu, kwa hiyo haya niliyaona, sikuambiwa na mtu. Nzivo akaona ukingoni upande wake kipande cha kijani, kipana kama vyumba viwili, hakina mwenyewe. Akapanda nduma. Zikakubali, zikatoa majani kama masikio ya ndovu, na Nzivo akaanza kutembea mikono nyuma kama mtu mwenye shamba.

Hakujua chini hakuna ardhi. Ni mizizi iliyoshikana na tope, imekaa juu ya maji kama utando juu ya maziwa. Masika ilipokuja maji yakapanda, upepo ukavuma, na asubuhi shamba lilikuwa limehamia kwangu, pamoja na nduma zote, jembe limesimama katikati.

"Mama Gachanja," akaita kutoka ng'ambo, "hilo ni shamba langu."

"Lilikuwa," nikamjibu. "Kinacholala kwangu ni changu. Jembe nitakurudishia."

Nikapanda matoka pembeni, yale maua ambayo sisi Wakikuyu tunaweka mpakani na hakuna anayethubutu kuyang'oa. Nilikuwa na haki, na mpaka leo ninayo. Lakini upepo ukageuka, shamba likarudi kwa Nzivo, na mpaka wangu juu yake. Aliyazunguka yale maua amekunja midomo. Kuyang'oa aliogopa, akayapalilia. Kisha akaleta kamba ya katani akalifunga shamba kwenye mti.

Wapita njia wakapata la kusema. "Mzee Nzivo, leo shamba limekula?"

"Limekula," anajibu. "Lako liko wapi?"

Hapo watu wa fleti, wapangaji wote, wanashika njia zao.

Sasa Kavata akapata mchumba, Matheka, kijana dereva. Kwa Wakamba upande wa kijana huleta mbuzi wa ntheo nyumbani kwa msichana, na mpaka wapokewe huyo msichana hahesabiwi mke wa mtu. Nzivo akatuma neno kwamba mbuzi watakanyaga udongo wake.

"Baba, tuwapokee hapa mlangoni tu," Kavata akamwomba.

"Mbuzi wa ntheo wapande ngazi, wapite katikati ya nguo za watu zimeanikwa? Watakanyaga udongo wangu."

"Lakini baba, ule si udongo."

"Nyamaza, mama."

Siku yenyewe akaja Mzee Kyule, baba mkubwa wa Matheka, na koti zito na mbuzi watatu. Nzivo akawaongoza mbuzi mpaka juu ya shamba. Kyule akaweka mguu mmoja, akausikia unazama na kuinuka, akaurudisha polepole.

"Nzivo, shamba lako linapumua."

"Ni rutuba," Nzivo akasema.

Kyule akaona heri ahutubie kutoka nchi kavu. Akaanza na babu wa babu yake. Mbuzi wawili walikuwa kwenye nduma. Yule wa tatu, asiye na malezi, alikuwa kwenye kamba ya katani. Kabla Kyule hajafika kwa babu aliye karibu, kamba imekwisha na shamba linakwenda zake, mbuzi juu yake wakitafuna bila haraka.

Hotuba ikakatika. "Nzivo," Kyule akasema, "hawa mbuzi sijamkabidhi mtu. Wakipotea humo, hakuna ntheo. Tunarudi na kijana wetu."

Kavata akajifunika uso kwa leso. Upepo ukawaleta mbuzi moja kwa moja kwangu, mimi nikaingia maji ya magoti nikawashika kamba zao.

"Wewe mama," Kyule akapaza sauti, "ni nani wewe kupokea ntheo yetu?"

Nilikuwa karibu kumwambia mimi ni nani, na ingechukua muda. Nzivo akanitangulia.

"Huyo ni mama wa boma hili. Shamba ni letu sote wawili."

Sijawahi kusema uongo wa kumfurahisha mwanamume, na sikuanza siku hiyo. Lakini yule msichana alikuwa ameshusha leso ananitazama, na mbuzi wananivuta mkono. Nikawafunga kwenye nguzo ya banda la mabata.

"Mbuzi wamefika," nikasema. "Nani analeta kisu?"

Kyule akafikiri, akavua kofia. "Basi wamepokewa," akasema.

Wakazunguka kwari kuja kwangu, Kavata mbele anakimbia, viatu mkononi. Nzivo akafika wa mwisho, akasimama karibu nami kuliko desturi.

"Mama Gachanja, ulisikia nilivyosema?"

"Nilisikia," nikamwambia. "Shika huo mguu wa mbuzi, tuchune."