Wamefyeka Nyasi Zinazolinda Ziwa Letu

Jamani, nimesimama hapa kando ya ziwa, nataka kulia.

Mnajua natunza nyasi kwenye uwanja wa gofu, huku milimani Iringa. Mvua ikinyesha, maji yanashuka na mbolea yetu hadi ziwani. Ndiyo maana nilipanda ukanda wa nyasi ndefu huku chini, zichuje yale maji.

Kesho anakuja mgeni rasmi kuziona nyasi hizo.

Sasa leo nashuka, nakuta zote ZIMEFYEKWA. Udongo mtupu, umefagiwa kabisa!

Mama Upendo, mwenyekiti wetu wa kitongoji, akanijia na fyekeo mkononi, uso umejaa furaha.

"Kamwene, mwanangu! Tumekufanyia msaragambo, akina mama wote wa kitongoji tumefyeka pamoja. Mgeni angekuta pori lile, si ungeaibika?"

Na kweli, huku kwetu mgeni akija lazima pafyekwe. Ningemlaumu vipi?

"Mama, lile pori ndilo lilikuwa chujio. Na jana tumemwaga mbolea uwanja mzima!"

Tabasamu likamwisha.

"Nyasi zenyewe ziko wapi?" nikamuuliza.

"Tumewapa ng'ombe."

Hapo hapo radi ikapiga, matone yakaanza. Akina mama wengine, waliokuwa bado wanafagia kule mbele, hawakutusikia. Wakapiga vigelegele: "Mvua ya baraka!"

Mlio karibu, njooni na viroba na majembe tuyazuie maji. Nawaombeni. Maji ya ziwa hili ndiyo tunayokunywa.

Mama Upendo ametupa fyekeo. Anakimbia kwenye mvua akiwapigia kelele wenzake: "Choteni! Acheni vigelegele, choteni maji ya kunywa sasa hivi, kabla mbolea haijafika ziwani!"